Kiungo cha Ndimi Mbili

Ukitaka dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa, au kabati la jikoni linalojifunga taratibu bila kelele, watu wa Kolhapur watakuelekeza kwa Revati Sutar. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la makubadhi, kwenye barabara inayoshuka kuelekea ziwa la Rankala. Ukipanda ngazi utamkuta mwanamke mfupi wa miaka arobaini na saba, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, futi kamba mkononi, anabishana na fundi umeme kwenye simu huku akimwashiria mgeni aketi.

Kazi yake ni kupanga nyumba za watu kwa ndani. Ameifanya miaka ishirini na mbili. Amepanga kliniki za madaktari wa meno, ofisi za mawakili, na vyumba vya maharusi visivyohesabika, maana pale mjini hakuna mama anayekubali mkwe wake aingie kwenye chumba chenye kabati la zamani. Yeye mwenyewe hakuolewa. Wachumba walikuja watatu, kwa nyakati tofauti, na wote watatu familia zao ziliuliza swali moja: je, baada ya ndoa ataacha kuzunguka na mafundi kutwa nzima? Akawajibu kwamba hapana, wakanywa chai yao wakaondoka.

Aliishi na baba yake. Mama alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo nyumba ilikuwa ya watu wawili. Mzee Pandurang alikuwa seremala, mtoto wa seremala, mjukuu wa seremala. Nusu ya milango ya mtaa wao ilikuwa ya mkono wake. Lakini miaka minne nyuma mkono wa kulia ulianza kutikisika, kisha wa kushoto ukaufuata, na daktari akasema ni ugonjwa wa kutetemeka, dawa zipo za kuupunguza mwendo, za kuuondoa hakuna. Siku iliyofuata mzee alifunga karakana yake nyuma ya nyumba, akaning'iniza ufunguo kwenye msumari jikoni, na hakuuzungumzia tena. Revati akajifunza kumjazia kikombe nusu, kumfunga vifungo vya shati bila kumtazama usoni, na kumkata kucha Jumapili wakiwa wanasikiliza redio.

Kulikuwa na jambo moja kati yao ambalo halikuwahi kusemwa. Revati alipokuwa na miaka tisa, alikuwa akishinda karakanani kati ya maranda, akiwatengenezea wanasesere wake vitanda. Siku moja aliokota patasi ya baba yake akaanza kuchonga tundu kwenye kipande cha mbao. Mzee alipomwona, alimnyang'anya bila neno, akaitia sandukuni, akafunga kwa kufuli. Jioni yake alirudi na kalamu za risasi, boksi zima. "Chora," akamwambia. "Kazi yako ni hii." Na kweli ikawa ndiyo. Alimsomesha mpaka chuo cha Pune. Lakini patasi ile ilibaki ndani ya Revati kama kibanzi kilichoingia chini ya ngozi. Hakikuuma kila siku, ila ukikigusa unajua kipo.

Kila Desemba Revati alikuwa akienda Mumbai kwenye maonyesho ya ubunifu wa nyumba. Ni siku mbili za kutembea katika kumbi kubwa za Goregaon, kuona vigae vipya, bawaba mpya, rangi mpya, na kukutana na wauzaji. Alikwenda peke yake siku zote. Mwaka ule, wakiwa wanakula mkate wa mtama na chachandu ya pilipili, mzee akasema, "Safari hii nakwenda na wewe."

"Ukafanye nini, Baba? Kule ni kutembea tu, kutwa."

"Mimi nimetembea mpaka Pandharpur kuhiji, kwa miguu, mara kumi na moja. Leo wewe unanitisha na ukumbi wenye viyoyozi?"

"Wakati ule ulikuwa na miaka arobaini."

"Na mara ya mwisho nilikuwa na sitini na tano. Uliza mtaa mzima." Akamega mkate kwa shida, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nataka kuona wanachokitengeneza siku hizi. Basi. Ukinificha hotelini nitarudi mwenyewe na basi."

Revati akacheka, akakata tiketi mbili.

Treni iliwafikisha stesheni ya Dadar, Mumbai, asubuhi. Walioga kwa binamu wa Revati, wakala pepeta za kukaanga na vitunguu, na saa nne walikuwa mlangoni mwa maonyesho, beji zimening'inia vifuani. Mzee alivaa shuka lake jeupe, kofia nyeupe, na koti jeusi alilolishona kwa ajili ya mahafali ya binti yake. Vijana waliovaa suruali za kubana na viatu bila soksi walimpisha kana kwamba ni waziri.

Mwanzoni ilikuwa raha. Mzee alisimama kila banda. Alipapasa kila meza, akainama kutazama chini yake, maana kwake uso wa meza ulikuwa kazi ya mpiga rangi na tumbo lake ndilo kazi ya seremala. Katika banda la masofa alijaribu kuketi, sofa likammeza mpaka makubadhi yakainuka hewani, na ikabidi Revati na muuzaji wamvute kila mmoja mkono wake.

"Hili si kiti," akasema akirekebisha kofia. "Hili ni kisima."

Muuzaji alicheka mpaka akafuta machozi. Revati naye alicheka, lakini jicho moja lilikuwa kwenye saa. Alikuwa na miadi.

Miadi yenyewe ilikuwa na Bwana Mehul Doshi, wa kampuni inayotengeneza mbao za kubandikwa, zile zenye sura ya mti juu na unga wa mbao uliogandishwa ndani. Doshi alikuwa amemfuata Revati mwaka mzima akitaka awe wakala wao wa Kolhapur na Sangli. Revati aliitaka sana nafasi hiyo. Miaka miwili ya karibuni kazi zilikuja kwa kudondoka, na wateja waliobaki walikuwa wakimwonyesha picha kwenye simu na kusema, "Nataka hivi hivi, dada, lakini kwa bei nafuu."

Doshi aliwapokea vizuri sana. Alimpa mzee kiti, akaagiza maji. Mezani zilipangwa sampuli kama karata: mkangazi, mwaloni, mtiki. Pembeni walisimama mume na mke, wateja wa hapo Mumbai, nao wakitazama.

Mzee Pandurang akaokota sampuli ya mtiki. Akaigeuza. Akaikwaruza ukingoni kwa ukucha.

"Huu si mti," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya msumeno. "Hii ni picha ya mti. Wameupiga picha, wakaibandika juu ya unga."

Yule mke akamtazama mumewe. Doshi akacheka kiungwana. "Babu ana jicho kali. Lakini siku hizi, babu, mti wenyewe..."

"Ukimwagia maji huu unavimba kama chapati. Nipe glasi nikuonyeshe." Na mkono ukanyooka kuelekea glasi, ukitetemeka, ukaigonga, maji yakamwagika juu ya vipeperushi vyote.

"Baba, basi!" Revati alisimama. "Usiguse tena kitu cha mtu! Weka mikono yako mfukoni!"

Alilisikia neno lake likiwa tayari limetoka. Mzee aliitia mikono yote miwili katika mifuko ya koti, na humo ndani iliendelea kutikisika, kitambaa kikienda juu na chini kama mtu aliyebeba vifaranga.

"Hakuna neno, hakuna neno kabisa," alisema Doshi akifuta meza. Lakini Revati hakuweza tena kumtazama. Aliomba dakika chache, akamshika baba yake kiwiko, akampeleka kwenye benchi karibu na muuza chai, akamnunulia kikombe kimoja. "Nisubiri hapa, Baba. Sichelewi."

"Nenda mama. Nenda kafanye kazi yako," mzee akasema kwa upole, naye Revati angeona nafuu kama angemfokea.

Alirudi kwa Doshi, akasikiliza habari za punguzo na mafunzo na gari la kusambaza mizigo, akatikisa kichwa mahali palipohitaji kutikiswa. Aliporudi baada ya nusu saa, benchi lilikuwa tupu. Kikombe kilikuwa pale pale, kimejaa mpaka juu, utando wa maziwa umeganda. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakukipunguza. Mzee asingeweza kukiinua bila kujimwagia mbele za watu, na hakumwomba mtu.

Alimwuliza muuza chai. "Mzee wa kofia? Ameelekea kule, kwenye kelele."

Kelele zilitoka safu ya pili, kwenye mabanda ya mashine. Watu kama ishirini walikuwa wamezunguka kisanduku kikubwa cha kioo, na ndani yake mkono wa chuma ulikuwa ukienda na kurudi juu ya kipande cha mtiki, ncha yake ikizunguka kwa kasi, unga ukifyonzwa na bomba. Mbele kabisa, kofia nyeupe imegusa kioo, alisimama Mzee Pandurang. Mikono ilikuwa bado mfukoni.

Kando yake alikuwa msichana mrefu, mweusi, aliyevaa sare ya banda na maua ya jasmini nywelini. Beji yake ilisema Kayalvizhi, fundi mitambo, Coimbatore, mji wa kusini kabisa. Alikuwa akimweleza mzee kwa Kihindi cha kuungaunga, na mzee akimjibu kwa Kihindi chake alichojifunza sinemani.

"Inasoma mchoro, babu. Ukishaichorea, inakata. Mara moja, mara elfu, sawa sawa."

Revati alisimama nyuma, akisubiri baba yake aseme jambo ambalo ingembidi aliombee msamaha.

"Haitetemeki," mzee akasema.

"Hapana, babu."

"Hata kidogo. Itazame." Akaifuata ile ncha kwa macho kama mtu anayemtazama mtoto akijifunza kutembea. "Ningekuwa kijana ningeichukia mashine hii. Ningesema imekuja kuninyang'anya chakula. Sasa hivi naionea wivu tu."

Revati alijisogeza, akasimama ubavuni kwake. Mzee alimwona, akatikisa kichwa kidogo, wala hakusema lolote juu ya benchi wala chai.

"Binti," akamwambia Kayalvizhi, "inaweza kukata kiungo? Si maua na makorokocho haya. Kiungo cha nguzo."

"Chochote unachoweza kuchora." Akamletea daftari na kalamu.

Mzee akatoa mkono mfukoni. Akaishika kalamu kwa nguvu, akaiegemeza kwenye karatasi, akavuta mstari. Mstari ukaenda kama njia ya sisimizi. Akajaribu tena, akiukaza mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ukawa mbaya zaidi. Watu waliokuwa wakitazama mashine sasa walikuwa wakimtazama yeye. Akaiweka kalamu chini taratibu.

"Mkono huu umestaafu," akasema, akijaribu kutabasamu.

Revati akavaa miwani yake. Akaivuta karatasi.

"Sema, Baba. Mimi nachora."

Mzee akamtazama. Kisha akavuta kiti.

Kilikuwa kiungo cha baba yake, babu yake Revati, kilichotumika kwenye nguzo za nyumba za kale, zile zenye ua katikati. Ndimi mbili zinazotoka mti mmoja na kuingia matundu mawili ya mti mwingine, mmoja ukiwa umeinama kidogo, hata ukishazigonga zikaingia, msumari hauhitajiki, wala gundi, wala dua. Revati alikuwa ameziona nguzo hizo maisha yake yote bila kujua ndani yake kulikuwa na nini.

"Ulimi wa kwanza unene wake ni dole gumba langu."

"Dole gumba ni milimita ngapi, Baba?"

"Mimi nijuaje? Ni dole gumba."

Basi akatoa futi kamba, akaushika mkono wa baba yake, akaukalisha juu ya meza ili apime. Mkono ukaruka ndani ya kiganja chake. Akausubiri. Haukutulia, lakini ulipunguza kasi, na kati ya mtikisiko mmoja na mwingine akapata kipimo. "Ishirini na mbili."

"Andika ishirini na mbili. Marehemu baba alikuwa na dole nene zaidi, lakini huo mti wao ni mdogo."

Walichukua karibu saa nzima. Walibishana juu ya mwinamo wa ulimi wa pili, mzee akasema kidogo, Revati akauliza kidogo kiasi gani, mzee akasema kama mtu anayeinamisha kichwa kusalimia na siyo kama mtu anayesujudu. Revati akauchora kwenye karatasi na mzee akasema, "Ehee. Hapo hapo." Kayalvizhi, ambaye kwanza alisimama kwa adabu tu, alikuwa ameketi naye sasa, ameegemea viwiko, na mwenzake alipomwita akamjibu bila kugeuka, "Subiri kidogo!" Kisha akaubeba mchoro akauingiza kwenye kompyuta, akafunga mlango wa kioo, akabonyeza.

Mashine ilikata kwa dakika kumi na moja. Mzee hakupepesa.

Vipande viwili vilipotoka, vya moto bado na vikinuka mafuta ya mtiki, Kayalvizhi alijaribu kuviunganisha. Vikagoma. Mzee alivichukua magotini pake, akapitisha kidole ndani ya matundu, na ghafla akacheka kicheko kikubwa, cha kwanza tangu asubuhi.

"Kona!" akasema. "Kona zake ni za duara!"

"Ni kweli, babu," Kayalvizhi akasema kwa haya kidogo. "Ncha yenyewe inazunguka, kwa hiyo haiwezi kukata kona kali kwa ndani. Kwa kawaida tunaubadilisha mchoro uifuate mashine."

Mzee akageukia kisanduku cha kioo. "Kumbe na wewe unafika mahali unashindwa! Pole, ndugu yangu. Karibu." Watu wakacheka. "Binti, patasi ipo?"

Kayalvizhi alikimbia banda la jirani lililouza zana, akarudi na patasi mpya na nyundo ya mbao. Mzee aliijaribu makali kwenye ukucha, akaridhika. Kisha akaigeuza, akampa Revati, mpini mbele.

Revati hakuipokea. "Baba, mimi sijawahi."

"Najua. Mimi ndiye niliyekunyima."

Kelele za maonyesho zote ziliendelea, lakini Revati hakuzisikia.

"Unakumbuka?" akauliza.

"Nisahau vipi? Uliishika vizuri. Mimi nilipokuwa na miaka tisa sikuishika vile. Laiti ungekuwa mbovu, ningekuacha uchezee mpaka uchoke. Lakini ulikuwa mzuri, Revati, na mzuri angebaki karakanani. Nikajiuliza, nani atamwita binti wa seremala aje amtengenezee mlango? Watu wataiona kazi, wataisifu, kisha watakwenda kwa mwanamume. Ningekuwa nimekurithisha njaa."

"Ungeniambia."

"Nimwambie nini mtoto wa miaka tisa?"

"Basi ungeniambia nilipofika ishirini."

"Ulipofika ishirini ulikuwa hunisikilizi. Ulikuwa unanifundisha mimi habari za rangi."

Revati alicheka, na kicheko kikamtoka na machozi, akayafuta kwa ncha ya sari. Akaipokea patasi.

Kona zilikuwa nane. Ya kwanza aliiharibu, mtiki ukabanduka kibanzi kama ukucha. "Usipigane nao," mzee akasema. "Uulize kwanza nyuzi zake zinaelekea wapi." Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu mzee alinyamaza, na Revati aliyekulia karakanani alijua maana ya ukimya ule. Kufikia ya sita mabega yalikuwa yameshuka, pumzi imetulia, na kulikuwa na maranda membamba yaliyojikunja juu ya sari yake.

Akaviweka vipande pamoja, akagonga. Vikaingia nusu, vikakwama. Akatoa, akapunguza unywele mmoja, akagonga tena. Vikaingia mpaka mwisho kwa sauti fupi nzito.

Mzee akapitisha dole gumba kwenye mshono. Upande mmoja ulikuwa safi. Upande wa kona ya kwanza ulikuwa na mwanya.

"Huku mjusi atapita na familia yake," akasema.

"Baba!"

"Changu cha kwanza alipita paka." Akakivuta kiungo, akakitingisha, akakining'iniza kwa upande mmoja. Hakikulegea. Akamtazama binti yake, mdomo ukitetemeka, na safari hii haukuwa ugonjwa. "Umeshika, mwanangu. Umeshika vizuri."

Kayalvizhi aliwapiga picha, akakataa katakata kukibakisha kile kipande bandani japo bosi wake alikitaka, akakifunga kwenye karatasi na kukitia katika mfuko wa Revati.

Walipotoka hapo walikwenda kunywa chai. Revati alikipunguza kikombe mpaka nusu, akakisogeza mbele ya baba yake.

"Nilikosa adabu kule, Baba."

"Nilikuwa nashika vitu vya watu. Ulisema kweli."

"Habari ya mikono mfukoni. Sikupaswa."

Mzee alikunywa kwanza, kwa mikono yote miwili. "Hiyo iliniuma," akasema. "Imekwisha." Na akaomba sukari zaidi.

Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyetaka warudi kwa Doshi. Alisimama mbele ya meza iliyokwisha kukauka, akaunganisha viganja vyake kifuani kuomba radhi. "Bwana Doshi, nilisema vibaya mbele ya wateja wako. Kwa makabati ya ofisini vitu vyako vinafaa. Ila usimwambie mtu ni mtiki. Mwambie ni sura ya mtiki, hapo hutakuwa na kesi na mimi."

"Babu," Doshi akasema, naye akiunganisha viganja, "ungekuwa kijana ningekuajiri uwe mkaguzi wangu."

Revati alitia saini siku ile ile. Alizihitaji zile kazi, na mpaka leo anaziuza zile mbao, na kila mteja humweleza wazi ni kitu gani anachonunua.

Waliporudi Kolhapur, Jumapili ya kwanza aliutoa ufunguo kwenye msumari wa jikoni. Mlango wa karakana ulikuwa umevimba, ikabidi ausukume kwa bega. Mzee aliketi juu ya kigoda, blanketi mapajani, akaanza kumwamuru tangu hapo mpaka adhuhuri: siyo hivyo, ndiyo hivyo, noa kwanza, aliyekufundisha kushika randa kama kikaango ni nani? Majirani walisikia nyundo wakadhani mzee amepona. Walipochungulia wakamkuta mpambaji wao amefunga sari kiunoni, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mwaka uliofuata miguu ya mzee nayo ilianza kukataa. Desemba hiyo hakuna aliyekwenda Mumbai. Lakini Mama Ghatge, mjane mmoja aliyekuwa amejenga nyumba ya kuzeekea, alikuja ofisini akasema amechoka na vitu vya kubandika, anataka bembea ya sebuleni, ya mti wenyewe, kama ile ya kwao alikozaliwa. Revati alichora mwenyewe. Akapeleka mchoro kwenye karakana moja ya eneo la viwanda iliyokuwa imenunua mashine ya aina ile, wakamkatia ndimi na matundu, na kona zote thelathini na mbili akazichonga yeye, Jumapili baada ya Jumapili.

Siku ya kuitundika, alimleta baba yake kwa riksho. Mama Ghatge alikataa kuikalia kabla yake. "Mzee kwanza," akasema. "Nyumba yangu ipate baraka."

Wakamwinua, wakamkalisha, wakamtilia mto mgongoni. Revati aliketi ubavuni kwake, akaushika mkono wake uliotikisika akauweka juu ya goti lake, akaisukuma sakafu kwa ncha ya unyayo. Bembea ikaenda, ikarudi. Minyororo ya shaba ikatoa mlio mwembamba.

"Sukuma tena," mzee akasema.

"Utapata kizunguzungu, Baba."

"Sukuma bwana, wewe mwoga."

Akasukuma. Mzee alifumba macho, kofia ikamteleza kidogo nyuma, na Mama Ghatge akaenda jikoni kuwachemshia maziwa.